Bei ya Kukubaliana

Tarehe 2 Novemba 2020, swichi moja ya mtandao katika kituo cha data cha kampuni ya Cloudflare ya Marekani iliugua. Haikuzimika. Ingezimika kabisa, mashine zilizoizunguka zingejua la kufanya. Ilibaki ikipumua nusunusu: pakiti hizi inazipitisha, zile inazimeza. Ilikaa hivyo dakika sita, kisha ikapona yenyewe bila mtu kuigusa. Lakini ukurasa ambao wateja hutumia kupangia huduma zao ulisumbua kwa saa sita na dakika 33.

Maelezo ya jinsi dakika sita zilivyozaa saa sita na nusu yalitolewa na kampuni yenyewe, na yanastahili kusomwa taratibu. Ndani ya mfumo kulikuwa na etcd, hazina ndogo ya kumbukumbu inayotunzwa na mashine tatu ambazo wakati wote lazima zikubaliane nani kati yao ni kiongozi. Swichi ilipougua, mashine ya kwanza na ya tatu hazikusikilizana tena, ila ya pili ilizisikia zote mbili. Tuseme kiongozi ni ya tatu. Ya kwanza haisikii sauti ya kiongozi, inadhani amekufa, inapandisha namba ya muhula na kuomba kura. Ya pili inaona muhula mpya, inaipa kura. Habari za muhula huo zinaifikia ya tatu kupitia ya pili, nayo inaachia madaraka. Lakini ya tatu haimsikii kiongozi mpya, kwa hiyo punde si punde inaitisha uchaguzi wake. Uchaguzi ukafuata uchaguzi, kazi ikasimama. Mfumo wa kusimamia databesi, uliokuwa unaitegemea hazina hiyo, ukaona hauna pa kuandika, ukapandisha nakala nyingine kuwa databesi kuu, na kuzijenga upya nakala zilizobaki ndiko kulikokula saa zote zile.

Tunapohamisha fedha kwa simu au kuhifadhi picha mtandaoni, mara nyingi nyuma yake zipo mashine kadhaa zenye nakala zilezile, na mashine hizo hubaki na kauli moja kwa kuandikiana. Swali ninalotaka kulichambua hapa ni la bei. Ili mashine kadhaa zikubaliane jambo moja, huku baadhi yao zikiwa mbovu au zimetekwa, zinahitaji kuandikiana mara ngapi? Watafiti wamelihangaikia swali hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na idadi ya jumbe imeshuka kutoka mamilioni hadi mamia. Nikizifuata itifaki hizi moja baada ya nyingine, ninachokiona ni kwamba hakuna ujumbe uliofutwa ambao haukulipiwa kwa namna nyingine: kwa muda, kwa hisabati ya siri, kwa bahati nasibu, au kwa kudhani kwamba adui hana nguvu fulani. Anayechagua itifaki anachagua alipe kwa sarafu ipi, na ni vyema ajue ni ipi.

Kazi hii ilianzia kwenye ndege. NASA ilitaka kompyuta za kuongoza ndege ambazo mojawapo ikiharibika ndege haitaanguka, na taasisi ya SRI ya Menlo Park, California, ikaibeba kazi hiyo katika mradi ulioitwa SIFT. Mtu angedhani dawa ni rahisi: weka kompyuta tatu, zipige kura, wingi ushinde. Mwaka 1980 Marshall Pease, Robert Shostak na Leslie Lamport walionyesha kwamba tatu hazitoshi. Chukua waya unaopaswa kubeba sifuri au moja, lakini kifaa kimechakaa na volti imekaa katikati. Mashine moja inasoma sifuri, jirani yake inasoma moja. Hakuna mhalifu wala virusi, lakini chanzo kimoja kimewaambia wawili mambo mawili tofauti. Wakiulizana, kila mmoja atataja alichosikia, na hakuna atakayejua kama mwongo ni chanzo au ni mwenzake. Ili kustahimili mbovu mmoja wa aina hii bila saini zisizoghushika, zinahitajika mashine nne. Kwa wabovu wawili, saba. Kwa f, zinahitajika 3f+1.

Miaka miwili baadaye watatu hao walilivika tatizo hili vazi la majenerali wa Byzantium waliouzunguka mji, wakiwa na wasaliti kati yao, wakitaka kukubaliana washambulie au warudi nyuma. Lamport ameeleza kwamba mwanzoni alifikiria majenerali wa Albania, hadi Jack Goldberg, mwenzake wa SRI, alipomkumbusha kwamba Waalbania wapo na wangeweza kukwazika. Jina lililobaki limetupa msamiati mzima: hitilafu ya Kibizanti ni ile ambayo mashine mbovu inaweza kufanya lolote, hata kumwambia kila jirani uongo wake.

Dawa yao ya kwanza ilikuwa sahihi na ghali mno. Kiongozi anatuma amri kwa wote. Kila mpokeaji anamweleza kila mwenzake alichopokea. Kisha wanaelezana walichoelezwa, na kuendelea hivyo hadi duru f+1. Kwa mashine nne na msaliti mmoja, ni jumbe 9. Kwa saba na wasaliti wawili, ni 156. Kwa kumi na wasaliti watatu, 3,609. Ukifika mashine 16 zinazostahimili wasaliti watano, hesabu inakuwa 3,999,675. Karibu jumbe milioni nne ili mashine kumi na sita zikubaliane neno moja, ndiyo au hapana. Kwa ndege yenye kompyuta chache zilizofungwa pamoja kwa waya mfupi, jambo hilo lilivumilika. Kwa kitu kikubwa zaidi, haliwezekani.

Danny Dolev na Raymond Strong walilivunja jinamizi hilo mwaka 1983 kwa saini za kidijitali. Kila ujumbe ukibeba saini isiyoghushika, msaliti hawezi tena kusema “fulani aliniambia hivi” ikiwa fulani hakusema. Jumbe zikashuka kutoka ukuaji wa kutisha hadi ule unaohesabika. Duru hazikupungua: Michael Fischer na Nancy Lynch walikuwa wameshaonyesha kwamba itifaki isiyotumia bahati nasibu, katika hali mbaya kabisa, haiwezi kwenda chini ya duru f+1. Hapo ndipo malipo ya kwanza yanapoonekana wazi. Jumbe zilipungua kwa sababu tulikubali kuamini kwamba hesabu fulani ni ngumu mno kwa adui, na kwamba funguo ziligawanywa kwa uaminifu kabla ya kazi kuanza.

Je, tunaweza kushuka hadi wapi? Jibu lilitolewa na Dolev huyohuyo pamoja na Rüdiger Reischuk, katika makala iliyochapishwa mwaka 1985, na kwangu hii ndiyo hoja nzuri kuliko zote katika fani hii. Inafaa kuishika kwa mkono.

Tuseme tuna mashine nyingi, na tunataka kustahimili wasaliti 20. Mtumaji mmoja anapaswa kuwafikishia wote neno “moja”. Tenga kundi la mashine kumi, tuliite kundi la pembeni, lililochaguliwa kwa sharti kwamba yeyote kati yao asiposikia lolote kabisa ataamua “sifuri”. Lazima kila mashine iwe na uamuzi wa namna hiyo kwa ajili ya siku ya ukimya, kwa sababu itifaki haiwezi kungoja milele. Sasa fikiria siku ya kwanza: kumi hao wa pembeni ndio wasaliti, lakini usaliti wao ni mdogo sana. Kila mmoja anafuata itifaki, ila anajifanya hakusikia jumbe kumi za mwanzo zilizomfikia, na hawaandikiani wao kwa wao. Mashine zote nzuri, kwa kuwa itifaki ni sahihi, zitaamua “moja”.

Hesabu jumbe zilizolifikia kundi la pembeni siku hiyo. Kama ni chini ya mia, basi yupo mmoja kati ya wale kumi aliyepata tisa au pungufu. Tumwite Juma. Sasa njoo siku ya pili. Juma si msaliti tena, ni mashine nzuri. Wasaliti ni wenzake tisa wa pembeni pamoja na wale waliomwandikia Juma siku ya kwanza, ambao hawazidi tisa. Jumla 18, bado tuko ndani ya ishirini. Waliokuwa wamwandikie Juma hawamwandikii, lakini kwa wengine wote wanatenda vilevile. Mashine nzuri nyingine haziwezi kutofautisha siku ya pili na ya kwanza: siku ya kwanza Juma alitenda kama asiyesikia, siku ya pili kweli hasikii. Kwa hiyo zitaamua “moja”. Juma, aliye mwaminifu na aliyefuata itifaki hadi nukta ya mwisho, amekaa katika ukimya mtupu, na ataamua “sifuri”. Makubaliano yamevunjika.

Kwa hiyo jumbe kwa kundi la pembeni haziwezi kuwa chini ya mia, yaani nusu ya f mara nusu ya f. Mzigo wa chini kabisa unakua kwa mraba wa idadi ya wasaliti. Ukitaka kustahimili wasaliti mara kumi zaidi, jiandae kwa jumbe mara mia. Wala hoja haigusi saini popote. Saini inamzuia msaliti kughushi, haimzuii kunyamaza. Kinachogharimu katika makubaliano ni kumhakikishia aliye pembeni kwamba ukimya anaousikia hautokani na njama, na njia pekee ni kumpelekea jumbe nyingi kuliko idadi ya watu wanaoweza kuzizuia.

Ukishaielewa hoja hii unaanza kuzisoma itifaki zote zilizofuata kwa jicho jingine. Kila anayedai ameshuka chini ya mraba, umuulize: ni sharti gani la Dolev na Reischuk ambalo umelikwepa?

Njia rahisi ya kulikwepa ni kusema mashine zetu hazidanganyi, zinaweza tu kufa. Hapo ndipo ilipo Paxos ya Lamport, ambayo aliiandika kama kisa cha bunge la kisiwa cha Ugiriki na ambayo ilichukua muda mrefu hadi kuchapishwa mwaka 1998, na hapo ndipo ilipo Raft ya Diego Ongaro na John Ousterhout ya mwaka 2014, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya etcd. Kiswahili kina neno lililokaa tayari kwa moyo wa itifaki hizi: akidi. Kikao hakihitaji wajumbe wote. Kinahitaji idadi ambayo vikao viwili vyovyote lazima viwe na angalau mjumbe mmoja aliyehudhuria vyote viwili, ili asiwepo wa kudai kwamba la jana halikuamuliwa. Kwa mashine tano, akidi ni tatu. Kiongozi anatuma jambo kwa wanne, akipata majibu ya wawili pamoja na lake mwenyewe, limepita. Jumbe nne kwenda, nne kurudi, basi. Gharama inakua sambamba na idadi ya mashine, si kwa mraba wake. Wapo waliokwenda mbali zaidi: Marcos Aguilera, Carole Delporte-Gallet, Hugues Fauconnier na Sam Toueg walionyesha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, namna ya kumchagua kiongozi hata katika mitandao dhaifu kwa jinsi kwamba, baada ya muda, anayeendelea kutuma jumbe ni kiongozi peke yake, wengine wanatulia wakimsikiliza.

Ni nafuu kubwa. Mifumo mingi ya ndani ya kampuni moja imejengwa juu yake, na sioni kosa hapo, mradi mwenye mfumo ajue ametia saini mkataba unaosema “mashine zangu hazitaniambia uongo”.

Kwa wale wasioweza kutia saini mkataba huo, mwaka 1999 ulikuwa mwaka wa furaha. Miguel Castro na Barbara Liskov wa MIT walileta PBFT, itifaki ya Kibizanti inayofaa kwa kazi halisi. Waliijaribu kwa kujenga mfumo wa mafaili wenye nakala, ukawa polepole kwa asilimia 3 tu kuliko mfumo wa kawaida usio na nakala. Siri ilikuwa kuepuka saini nzito pale ambapo alama nyepesi za uthibitisho zinatosha, na kupanga mazungumzo katika hatua tatu: kiongozi anatangaza, wote wanaelezana walichosikia, wote wanaelezana kwamba wamewasikia wengi wakisema hilohilo. Kwa mashine nne, hatua hizo tatu ni jumbe 24. Kwa mia moja, ni 19,800. Kiongozi akiharibika, kumbadilisha kunagharimu zaidi ya hapo, maana kila mmoja lazima amwonyeshe kiongozi mpya ushahidi wa yote aliyoyaona.

PBFT pia inalipa kwa sarafu nyingine ambayo ni rahisi kuipita bila kuiona. Mwaka 1985 Fischer, Lynch na Michael Paterson walikuwa wamethibitisha kwamba katika mtandao usio na ahadi yoyote ya muda, hakuna itifaki isiyo na bahati nasibu inayoweza kuhakikisha makubaliano hata kama ni mashine moja tu inayoweza kufa. Castro na Liskov hawakuushinda ukuta huo, waliuzunguka. Itifaki yao haitakubali kamwe mambo mawili yanayopingana, hata mtandao ukichafuka namna gani, lakini ili isonge mbele inahitaji siku moja mtandao utulie. Cynthia Dwork, Lynch na Larry Stockmeyer ndio waliokuwa wameiweka dhana hiyo ya utulivu wa baadaye katika hisabati mwaka 1988, na vingi vinavyotumika leo vimeegemea hapo.

Mia moja zikawa nyingi mno kwa PBFT, na zilipokuja sarafu za kidijitali watu walitaka mia kadhaa. Hapo ndipo ilipoingia HotStuff, iliyotolewa mwaka 2019 na Maofan Yin, Dahlia Malkhi, Michael Reiter, Guy Golan Gueta na Ittai Abraham, na iliyochaguliwa mwaka huohuo kuwa msingi wa Libra, mradi wa sarafu wa Facebook. Badala ya kila mmoja kumwandikia kila mmoja, wote wanamwandikia kiongozi, naye anakusanya saini zao na kuzifanya saini moja fupi. Aliyewahi kuwa kwenye kikundi cha kuweka akiba cha VICOBA anajua sanduku lenye kufuli tatu na funguo zilizoko kwa watu watatu: likifunguka, huhitaji kuuliza kama wote watatu walikuwepo. Saini ya pamoja inafanya kazi hiyo, na inapita sanduku kwa jambo moja: sanduku linataka funguo zote, lakini hisabati hii inaruhusu wowote 67 kati ya 100 watosheleze, na atakayeikagua saini anakagua kitu kimoja, si sitini na saba.

Kwa mashine mia, mzunguko mzima wa HotStuff ya msingi ni jumbe 792. Kutoka 19,800 hadi 792! Lakini tazama njia inayosafiriwa. Katika PBFT, tangu kiongozi atangaze hadi wote wakubali, habari inavuka mtandao mara tatu. Katika HotStuff ya msingi inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, kisha inakwenda mara ya mwisho: safari saba. Kama safari moja ni milisekunde 60, PBFT inamaliza kwa 180 na HotStuff kwa 420. Waliotengeneza HotStuff walilijua hilo vizuri, na wakaifunga kama mnyororo ili hatua moja itumikie mapendekezo kadhaa kwa wakati mmoja, jambo linaloongeza wingi wa kazi ingawa jambo moja likichukuliwa peke yake bado linasubiri. Jumbe zilipunguzwa, muda ukaongezeka, na funguo za saini ya pamoja zikahitaji maandalizi yao.

Nao mraba wa Dolev na Reischuk? Haukuguswa. Jumbe 792 ni za siku njema, kiongozi akiwa mzuri. Siku mbaya viongozi f mfululizo wanaweza kuwa wabovu, kila mmoja akipoteza duru nzima, na f mara n, yaani idadi ya mashine zote, inaturudisha palepale kwenye mraba. Kulikuwa pia na gharama iliyokaa pembeni kwa miaka: wakati mtandao umevurugika, mashine zinapotezana, hii iko kwenye muhula wa 12 na ile wa 15, na kuzikusanya zote kwenye muhula mmoja kunahitaji mazungumzo yake. Makala nyingi ziliiacha kazi hiyo nje ya hesabu. Ni mwaka 2022 tu ambapo Pierre Civit na wenzake, na Andrew Lewis-Pye kwa njia yake, walionyesha kwamba hata katika mtandao unaotulia baadaye mtu anaweza kukubaliana kwa jumla ya jumbe zinazolingana na mraba wa n, bila kuzidi. Katika mtandao wa aina hiyo, ilichukua miaka 37 kuifikia sakafu iliyochorwa na Dolev na Reischuk.

Kwenda chini ya sakafu kunahitaji bahati nasibu. Mwaka 2010 Valerie King na Jared Saia walionyesha kwamba kila mashine inaweza kutuma biti chache tu, takriban kipeuo cha pili cha n, na bado wote wakakubaliana, kwa uwezekano mdogo sana wa kukosea. Njia yao inapitia kamati ndogo. Algorand, iliyoelezwa mwaka 2017 na Silvio Micali na wenzake, iliichukua fikra ya kamati ikaiweka kazini: kila mtumiaji anachezesha bahati nasibu yake mwenyewe kwa ufunguo wake wa siri, na akishinda anatangaza kura yake pamoja na ushahidi kwamba alishinda kweli. Hata mtandao uwe na watu laki tano, kamati ya hatua moja inabaki takriban watu 2,000. Adui hajui wa kumteka, maana mjumbe hajulikani hadi aseme, na akishasema kazi yake imekwisha.

Uzuri wa hoja hii unategemea kishazi kimoja: akishasema. Mwaka 2019 Ittai Abraham na wenzake waliuliza itakuwaje kama adui anaweza kumteka mtu mara tu anaposema na kuufuta ujumbe wake kabla haujafika. Jibu ni kwamba mraba unarudi, bahati nasibu iwepo isiwepo. Kwa hiyo anayejenga juu ya kamati za siri amenunua upungufu wa jumbe kwa dhana kuhusu mikono ya adui. Inaweza kuwa dhana sahihi kabisa. Ningependa tu iandikwe kwa herufi kubwa mahali ambapo mnunuzi ataiona.

Hadi hapa nimehesabu jumbe kana kwamba zote zina uzito mmoja, na hapo ndipo ninapotofautiana na makala nyingi za fani hii. Chukua mashine mia na kifurushi cha megabaiti moja. Kiongozi akikituma kizima kwa wote, anapakia megabaiti 99 peke yake huku mashine nyingine 99 zimekaa zinasubiri. Jumbe ni chache, lakini mlango ni mmoja na foleni ni ndefu. Sasa tumia usimbaji wa Reed na Solomon, uliobuniwa mwaka 1960: kigawanye kifurushi vipande mia kwa jinsi kwamba vyovyote 34 vinatosha kukiunda upya. Kila kipande ni takriban kilobaiti 30. Kiongozi anampa kila mmoja kipande chake, kisha kila mmoja anawasambazia wote kipande alichopewa. Jumbe zimeongezeka hadi karibu elfu kumi, na bado hakuna anayepakia zaidi ya megabaiti sita. Kwa aliyezoea kuhesabu jumbe tu, hili litaonekana kama hasara.

Mwaka 2022 George Danezis, Lefteris Kokoris-Kogias, Alberto Sonnino na Alexander Spiegelman walilionyesha hilo kwa namna isiyopingika. Katika Narwhal, kazi ya kusambaza data imetengwa na kazi ya kukubaliana mpangilio: mashine zote zinasambaza vifurushi wakati wote, na itifaki ya makubaliano inapanga majina ya vifurushi tu. Waliifunga Narwhal chini ya HotStuff na kuipima kwenye mtandao wa masafa marefu. HotStuff peke yake ilimudu miamala 1,800 kwa sekunde. Ikiwa juu ya Narwhal ilizidi 130,000, kwa ongezeko la kusubiri lisilofika sekunde moja. Makubaliano yenyewe hayakuwa kikwazo. Kikwazo kilikuwa kumbebesha mtu mmoja mizigo ya wote.

Ndiyo maana namna ya kuhesabu bei lazima itokane na mahali. Ndani ya chumba kimoja cha seva, jumbe elfu kumi ni kitu kidogo. Kwetu Afrika Mashariki hali ni nyingine. Mwanga ndani ya mkongo wa fiba hukimbia takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Nairobi hadi Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka, ni kama milisekunde tatu na nusu. Nairobi hadi London ni kama 34, na mikongo halisi hainyooki. Ukiwa na mashine tatu, mbili Nairobi na Dar es Salaam na ya tatu Ulaya, akidi ya wawili inapatikana bila kuvuka bahari, na ya Ulaya itajua baadaye. Ukiweka mbili Ulaya na moja Dar es Salaam, kila muamala wa Kariakoo utasubiri jibu kutoka ng’ambo. Itifaki ni ileile na jumbe ni zilezile. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani, mpangilio wa kwanza ungeweza kuendelea kukubaliana; wa pili ungeweza kumwacha aliye Dar es Salaam pembeni kama Juma, mzima na mwaminifu, ila hasikii.

Turudi kwenye zile mashine tatu za Cloudflare. Kampuni iliiita hitilafu yake ya Kibizanti, jina ambalo mimi nisingelitumia, kwa sababu hakuna mashine ya etcd iliyodanganya. Jumbe zilipotea upande mmoja na kupita upande mwingine. Raft imeahidi usalama katika hali hiyo na iliutunza. Ilichopoteza ni mwendo. Dawa yake Ongaro alishaieleza mwaka 2014 katika tasnifu yake ya udaktari, nayo inafanya kinyume cha yote yaliyosifiwa katika miaka arobaini ya kubana jumbe: inaongeza mazungumzo. Kabla ya kupandisha muhula na kuomba kura, mashine inapaswa kwanza kuulizia. Ya kwanza, isiyomsikia kiongozi, inaiuliza ya pili: nikigombea, utanipa kura? Ya pili, ambayo imepokea salamu za kiongozi sasa hivi, inajibu hapana. Jumbe mbili, moja kwenda na moja kurudi. Muhula unabaki ulipokuwa, ya tatu haijui hata kama kuna aliyetaka kugombea, na kazi inaendelea hadi swichi ipone.